Mshabaki wa Hajati Ilham

"Usinigeuzie mgongo, Kapteni Wagdi. Nimekuuliza swali."

"Mama Jumana, mechi inaendelea. Rudi jukwaani ukakae."

"Sikai. Umeona kinyoya anachokichezea? Kimevunjika manyoya, kinapepesuka kama mlevi, naye anakipiga tu. Lini umemwona Jumana akikubali kinyoya kibovu?"

"Kila mchezaji ana siku yake mbaya."

"Siku mbaya azipatie mazoezini. Leo ni nusu fainali ya taifa."

Yeye alikuwa kwenye kiti cha kocha nyuma ya uwanja, mimi nimeinama juu ya ubao wa matangazo unaotenga wachezaji na watu. Mwamuzi alinitazama kutoka kwenye kiti chake kirefu. Nikashusha sauti. Swali sikulishusha.

"Nani amekuambia umwache ashindwe?"

Hapo akageuka. "Wallahi, hakuna aliyeniambia kitu."

"Na kazi uliyoahidiwa kwenye klabu ya akina Lujain? Hiyo nayo hakuna aliyekuambia?"

Masikio yake yakawa mekundu. Huyu mtu amemfundisha binti yangu badminton tangu akiwa na umri wa miaka tisa, na masikio yake sijawahi kuyaona yakisema uongo.

"Nani kakupa habari hizo?"

"Mkeo, kwa mkwe wake, saluni. Ulidhani Dumyat ni kubwa?"

"Kazi ni kazi, Mama Jumana. Nina watoto. Lakini Jumana sijamuuza."

"Basi mwambie abadilishe kinyoya."

"Kubadilisha ni mchezaji aombe. Siwezi kumwombea."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitia hofu. Nikamtazama Jumana akijifuta uso kwa mkono wa fulana. Upande wa pili wa wavu yule msichana Lujain alikuwa anarukaruka kama samaki kwenye ndoo. Jumana akarudisha kinyoya juu, mbali, kwa ulaini, palepale Lujain alipopapenda. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapanda ngazi kumtafuta mume wangu.

Nifafanue kidogo. Mimi ni mtunza stoo katika hospitali moja ya serikali huko kwetu Dumyat. Nina diploma ya chuo ya mambo ya ugavi, na kazi imenifunza kwamba kitu hakipotei, kinahama. Glavu zikiisha ghafla sihesabu maboksi kwanza. Nasikiliza nani kabadilika sauti. Basi wiki nzima hii nyumbani kwangu kila mtu alikuwa amebadilika sauti. Jumana alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa. Mume wangu Raafat alikuwa mpole. Kapteni Wagdi, ambaye hajawahi kumpa mtu lifti hata hadi kona ya mtaa, alipiga simu kuuliza kama tungependa kusafiri naye hadi Kairo.

Halafu lile sanduku. Nililiona mara tu seti ya kwanza ilipoanza. Upande wa pili wa jukwaa alikuwa ameketi Hajati Ilham, mama yake Lujain, na mapajani pake kulikuwa na sanduku la karatasi ya dhahabu lililofungwa kwa uzi mwekundu, mafundo mawili, kama anavyofunga muuza mshabaki wa kona ya mtaa wetu na hakuna mwingine duniani. Mshabaki ni zile duara za unga zilizokaangwa na kuzamishwa kwenye sharubati. Kairo wana za kwao, lakini si hizo, na fundo si hilo. Hajati alikuwa anakula, analamba kidole kimoja kimoja, huku akimtazama binti yangu kama mtu anayeangalia nyama yake ikipimwa kwenye mizani.

Sisi watu wa Dumyat tunajulikana nchi nzima kwa ubahili. Wanasema mgeni akitufikia usiku tunamwuliza, "Utakula, au utalala mwepesi?" Ni utani, lakini utani wenye mizizi. Mtu wa Dumyat hampi mtu wa Kairo sanduku zima la mshabaki hivihivi. Akilitoa, kuna kitu kimenunuliwa.

Na ukumbini humo watu wa Dumyat tulikuwa wanne tu. Mimi sikutoa. Jumana nilimwondoa hapohapo, maana ndiye anayeibiwa. Wakabaki Wagdi na Raafat.

Kilichokuwa kinaibiwa ni hiki. Wanaofika fainali wanaingia kambi ya timu ya taifa, na kutoka kambini wanakwenda mashindano ya Afrika. Mwaka jana Jumana aliikosa kambi kwa sababu ya mitihani. Mwaka huu baba yake alisema wazi mbele ya chai: asipoingia timu, raketi itundikwe, asome. Kwa hiyo mechi hii ilikuwa ndiyo miaka yake yote. Miaka ya ukumbi wa vijana ambako wavulana wa karate walichukua nusu ya sakafu na kupiga kelele. Miaka ya kupiga kinyoya kwenye milango ya makabati katika karakana ya baba yake, makabati ya maharusi yanayosubiri rangi, hadi Raafat akachoka na kumchongea nguzo za wavu kwa zani, mbao ngumu ya samani, ili aache kuyatia alama. Nguzo hizo bado zinatumika pale ukumbini. Zimechongwa maua, maana Raafat hawezi kuacha mbao bila ua.

Na Lujain alikuwa mwaka wa Thanawiya, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwetu, anayeshika nafasi za juu kitaifa kwenye mchezo wake huongezewa alama za michezo juu ya alama za mtihani, na alama hizo chache ndizo zinazomtoa mtoto kitivo cha biashara na kumweka kitivo cha udaktari. Basi msimu ukifika, mama zao huanza kuzunguka. Humwendea mchezaji mkubwa, aliyekwisha kupita, humshika mkono. "Mwanangu, wewe umeshapata zako. Mwachie mdogo wako naye apate." Huombwa kwa adabu, na aghalabu kwa vitu vitamu. Nimewaona. Jumana alipata zake mwaka wake, akaingia kitivo cha famasia kule Mansura, na tangu siku hiyo baba yake hamwiti ila Daktari, maana kwetu hata mfamasia huitwa hivyo.

Raafat alikuwa safu ya juu kabisa, anabangua mbegu za maboga, maganda yanamwangukia tumboni.

"Umempelekea Hajati Ilham mshabaki?"

"Salamu kwanza, mwanamke."

"Umempelekea?"

"Mshabaki gani? Mimi nimepeleka mbegu mdomoni mwangu, basi."

"Jana adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Msikitini."

"Hadi alasiri?"

"Kulikuwa na jeneza."

"La nani?"

Akaacha kubangua. "Siku utakayokufa wewe, malaika wakija kaburini kukuhoji, utawahoji wao. La Ustaadhi Mitwalli, fundi wa vioo. Uliza."

"Nitauliza."

"Najua utauliza."

"Wewe ndiye uliyesema asiposhinda aache. Wewe ndiye unayefaidika."

Hilo lilimkera. Alikung'uta maganda, akasimama, na Raafat si mtu wa kusimama ovyo. "Nisikilize. Ningetaka mwanangu aache, ningemwambia uso kwa uso. Nimeshamwambia mara ngapi? Mimi fundi. Nikitaka kukata mbao naikata mchana, watu wanaona, msumeno unapiga kelele. Mambo ya kukata chinichini ni ya panya."

"Basi kwa nini umekuwa mpole wiki nzima?"

"Kwa sababu yeye amekuwa na huzuni wiki nzima! Wewe umeona vyombo vimeoshwa, ukafurahi."

Sikuwa nimefurahi, nilikuwa nimetilia shaka. Chini pale Jumana alikuwa ameipoteza seti ya kwanza. Hakupinga, hakuomba kinyoya kipya hata mara moja, wala hakumtazama Wagdi. Alikwenda kunywa maji kama mtu anayesubiri basi.

Nikavuka jukwaa hadi kwa Hajati Ilham.

"Aa, Mama Jumana! Karibu, karibu." Alisogeza mkoba wake kidogo sana, nafasi ya paka. "Onja. Au watu wa Dumyat hamli vyenu mkishavitoa?"

"Kakuletea nani?"

"Mwenye adabu."

"Wagdi?"

Akacheka hadi mikufu ikalia. "Wagdi! Wagdi hata salamu anaitoa kwa mkopo."

"Hajati, sina muda. Nani?"

Akachukua duara moja la mshabaki, akanitia kiganjani, akanifunga vidole kwa mkono wake kama anayempa mtoto. "Binti yako. Kaja mwenyewe jana usiku mlipofika Kairo, kanifuata hotelini, kanibusu mkono. Kasema, 'Khalati, nimeelewa.' Basi. Maneno mawili. Umemlea vizuri, mashallah. Sikutegemea, nikikuangalia wewe."

Sharubati ilianza kunitiririka kwenye kifundo cha mkono na kuingia kwenye saa.

"Kaelewa nini?"

"Kwamba deni ni deni. Mwaka wake wa Thanawiya alicheza na nani nusu fainali? Na Nashwa wangu. Bingwa wa taifa, mtu mzima, mwenye mkono kama mjeledi. Na binti yako alikuwa mtoto, kapauka kwa usiku wa kusoma. Nani aliamini matokeo yale? Wewe uliamini?"

"Niliamini."

"Basi una moyo mzuri." Alikula kipande kingine. "Nashwa alimwachia. Alimwonea huruma ili apate alama zake. Sasa ni zamu ya mdogo wake Nashwa. Mimi nilimpigia tu simu Jumana wiki iliyopita nikamkumbusha. Sikumlazimisha."

"Nashwa mwenyewe ndiye aliyekwambia kwamba alimwachia?"

"Nashwa hasemi mambo hayo. Ana heshima. Lakini mimi mama yake, najua."

"Unajua, au unasema?"

"Mama Jumana," akasema, na sauti yake ikawa kama mlango unaofungwa taratibu, "kaa utazame mechi."

Seti ya pili ilikuwa imeanza. Nilisimama palepale kwenye ngazi, mshabaki mkononi, na nikafanya nilichozoea kufanya stoo: nikarudi mwanzo wa mnyororo. Kama maneno ya Hajati ni kweli, basi alama za Jumana hazikuwa zake. Kiti chake cha famasia ni mali ya mtu mwingine iliyohamia nyumbani kwangu, na kila Raafat anapomwita Daktari mbele ya wateja tunatembeza kitu cha wizi. Mimi mali ya wizi nairudisha. Nimewarudishia hata wakubwa zangu. Ikiwa ni kweli, Jumana alikuwa anafanya sawa, na mimi nilipaswa kukaa na kunyamaza.

Lakini Hajati alikuwa anataka kitu, na mtu anayetaka kitu mimi simwamini kwa nusu ya anachosema. Wagdi naye anataka kazi. Na Jumana? Jumana alikuwa amenificha wiki nzima, ameniangalia machoni, ameniambia mikono yake inatetemeka kwa sababu ya kahawa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimewahoji watu wazima wawili kama polisi, na mwenye siri alikuwa anaosha vyombo vyangu.

Saba kwa mbili, Lujain mbele. Nane kwa mbili. Jumana akasimama nyuma, akakitazama kinyoya kikianguka karibu na wavu, wala hakuinua mguu.

Wakati huo Nashwa akainuka. Yeye ndiye aliyekaa kiti cha kocha upande wa mdogo wake. Alitaka kumrushia Lujain taulo, na alipoinuka alifanya hivi: alishika mgongo wa kiti kwanza, akaunyoosha mguu wa kushoto mbele, ndipo akajiinua kwa mguu wa kulia. Lile goti halikunjiki. Nashwa hajacheza tena tangu siku ile.

Siku ile nilikuwepo. Kila mtu alikuwepo. Pointi ya mwisho, Jumana alikidondosha kinyoya kwa hila pembeni mwa wavu, na Nashwa alikuwa nyuma kabisa, mbali, mahali ambapo mtu mwenye akili anakubali yaishe. Alikuja. Aliruka kwa urefu wake wote, mkono mbele, raketi ikakwaruza sakafu, na goti likalia. Nimeolewa na fundi samani, najua sauti ya mbao ya zani inapopasuka kwa kukosewa. Ilikuwa hiyo.

Na tukafanya nini sisi? Kabla hata hajabebwa, Hajati Ilham alikuwa amesimama jukwaani akilia, "Jicho! Mwanangu kapigwa jicho!" Ukumbi mzima ukaitikia. Bingwa, mrembo, tena karibu aposwe, bila shaka jicho la husuda. Nilisikia baadaye kwamba walichoma udi, wakakata mwanasesere wa karatasi, wakamtoboa kwa sindano jicho baada ya jicho la kila aliyekuwepo, na jina langu lilitobolewa la kwanza. Mwaka mzima nilikuwa naapa kwenye viwanja vya watu kwamba macho yangu hayana neno, kwamba nilisema mashallah, kwamba shahidi ni Raafat. Nilijitetea jicho hadi nikalisahau goti. Wote tulilisahau. Jicho lilikuwa limejibu kila swali, hivyo hakuna aliyeuliza Nashwa alikuwa anakimbilia nini.

Kumi na moja kwa nne, na cha mwisho nacho Jumana alikitazama tu kikianguka upande wake. Mwamuzi akatangaza mapumziko mafupi ya katikati ya seti.

Nilishuka ngazi mbilimbili. Kijana mwenye beji akaninyooshea mkono. "Mama, huku haruhusiwi mtu."

"Toa mkono nisikupake sharubati."

Akautoa. Niliinama juu ya ubao. Jumana alikuwa amesimama mbele ya Wagdi, anasikiliza kwa macho yaliyolala.

"Umempelekea mshabaki," nikasema.

Hakuruka, hakukana. "Mama, si sasa."

"Ni sasa. Kesho utakuwa nyumbani unaosha vyombo."

"Mama Jumana, tafadhali," akasema Wagdi.

"Wewe nyamaza, au nijibu hili tu. Ulimwomba Nashwa amwachie?"

"Sikumwomba. Nife hapa."

Sikumwamini na sikuwa na haja ya kumwamini. Nilimgeukia binti yangu. "Nani alikuambia Nashwa alikuachia?"

"Mama yake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na mimi mwenyewe. Siku zote nilikuwa najiuliza. Ningemshindaje Nashwa, mama? Mimi? Nilikuwa sijalala. Kila mara mnaponiita Daktari natamani kujificha chini ya meza."

"Pointi ya mwisho. Kinyoya kilianguka wapi?"

"Mama..."

"Wapi?"

"Karibu na wavu. Kushoto kwake."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kama wewe ulivyokuwa sasa hivi, ulipokitazama kikianguka?"

Akageukia wavu.

"Alikitazama, Jumana? Au alikifuata?"

"Alijitupa," akasema.

"Alijitupa. Anayemwachia mwenzake hajitupi. Anasimama kama ulivyosimama wewe, anajifuta uso, anakwenda kunywa maji mzima wa miguu yote miwili. Mtu hapasui goti akikimbilia kitu ambacho ameshakigawa."

"Walisema lilikuwa jicho."

"Walisema. Na lingekuwa jicho, bado alikuwa anakimbia. Alikitaka kinyoya kile kuliko mguu wake. Alikitaka, akakikosa, kwa sababu ulikipiga vizuri."

Nilimtazama Wagdi. Masikio yake yalikuwa rangi ya kawaida. Nililiweka hilo akilini kwa baadaye.

Jumana aligeuza kichwa kuangalia upande wa pili. Nashwa alikuwa ameshakaa, mguu umenyooka mbele yake kama ubao, na alikuwa anatuangalia sisi. Alikuwa ameona nani anazungumza na nani, na hakuwa mjinga, aliweza kuona mdogo wake anashinda mechi ya namna gani. Sikuweza kuusoma uso wake. Huenda alikuwa na hasira nasi. Huenda alikuwa na hasira na mtu mwingine aliyekuwa anakula mshabaki juu jukwaani. Jambo moja nililoliona ni kwamba tangu seti ya kwanza hakuwa amempigia mdogo wake makofi hata mara moja.

"Mimi namlipa," Jumana akasema, lakini sasa ilikuwa kama swali.

"Unamlipa nini? Unamwambia mbele ya taifa zima kwamba goti lake lilikuwa maigizo. Angekuachia kweli, ningekuwa wa kwanza kukwambia mrudishie, na kiti cha famasia tungekirudisha pia. Unanijua."

"Nakujua."

"Na usinidanganye tena kuhusu kahawa."

Karibu acheke. Kisha akauma mdomo. "Na Lujain? Ni mwaka wake, mama. Ni mtoto tu."

"Ana raketi kama wewe. Mwaka wako wewe ulikuwa nani?"

Mwamuzi akaita muda. Wagdi akajaribu maagizo ya harakaharaka, mrudishe nyuma, mlazimishe upande wa kushoto, na Jumana akaitikia kwa kichwa bila kumsikia. Niligundua kuwa bado nimeushika ule mshabaki, umenibonyekea kiganjani. Sikuutupa. Niliula. Ulikuwa wa jana na ulikuwa mzuri.

Jumana alirudi uwanjani taratibu. Kinyoya kilikuwa kimelala upande wake, palepale kilipoanguka alipokuwa amekitazama. Alitakiwa akisukume tu kwa raketi chini ya wavu, Lujain aanzishe. Lujain alikuwa ameshanyoosha mkono, anangoja.

Jumana akainama, akakiokota kwa vidole. Akakizungusha mbele ya macho kama anavyofanya tangu utotoni, unyoya kwa unyoya, jinsi baba yake anavyokagua mguu wa kiti. Juu jukwaani nilimsikia Hajati Ilham akisema kitu.

Jumana akamwendea mwamuzi, akakiinua juu ili kila mtu akione kilivyopasuka.

"Hiki kimevunjika," akasema. "Naomba kingine."

Mwamuzi akamtazama Lujain. Lujain akamtazama dada yake.

"Mpe!" Nashwa akaita kutoka kitini kwake, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile. "Mpe kipya! Na wewe Lujain rudi nyuma, mjinga wewe, rudi nyuma, sasa ndiyo anaanza kucheza!"

Kinyoya kipya kikatoka kwenye mkebe, cheupe, kimenyooka. Lujain akaanzisha, juu, mbali. Jumana alikuwa ameshafika chini yake, mkono nyuma ya kichwa, na akakishindilia.